Mngoni Wangu wa Mbeya

Mbeya,
Jumapili mchana

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya Bakari, ambaye amekaa hapa kwenye kigoda ananichungulia mkono kama mwalimu wa zamu. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii ya mwezi wa saba? Na Baba, kile kikohozi kimemwachia? Ufuta nadhani mmeshaukung'uta na kuuweka ndani, na mikorosho ya kule bondeni itakuwa imeanza maua. Mimi huku nikifumba macho nasikia harufu yake, halafu nafumbua naona ukungu.

Hadija, mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma, kwa hiyo soma polepole na usiruke mistari. Barua iliyopita niliandika kwamba niliugua nikapona, wewe ukamsomea Mama kwamba nimenenepa. Pale utakapoona Kiswahili changu kimekuwa kirefu, mgeuzie Mama kwa Kimwera. Na Baba akiwa amelala mwamshe, maana leo nina habari ya kujivunia. Si vizuri mtu kujisifu, hilo mlinifundisha. Lakini wa kwetu aliyeshuhudia ni Bakari peke yake, na yeye kila akiisimulia anajisogeza katikati. Juzi nimemsikia akisema "tulipopanda kwenye lori". Hakupanda. Kwa hiyo nimeona nijisifu mwenyewe, yaishe.

Sisi wazima. Baridi ndiyo inatutesa. Bakari anakwenda kwenye ujenzi amevaa shati, sweta, sweta lingine na koti la mvua juu, na jioni namenya kimoja kimoja kama kitunguu mpaka nimkute mume wangu ndani. Mimi nakaanga vitumbua vya mchele wa Kyela, na majirani wanavipenda. Wanachokipenda zaidi ni kuniuliza maswali. "Eti kwenu Kusini kuna barabara?" "Mlifika huku kwa miguu?" "Ni kweli mnakula panya?" Nilikuwa nawajibu tunakula, na ni watamu, halafu nageukia karai langu. Maneno zaidi ya hayo sikuwa nayo. Si unanijua, Mama? Wewe mwenyewe ulizoea kusema kwamba ulinizaa ukasahau kunitia ulimi.

Sasa sikiliza.

Jirani yetu, Mama Tumaini, ni Mnyakyusa, mwanamke wa maneno mengi na moyo mkubwa. Kaka yake anapiga gitaa la besi kwenye bendi moja ya hapa mjini. Jumamosi ya wiki iliyopita hiyo bendi ilikuwa na dansi ukumbini, chini ya mteremko mkubwa unaoingia mjini, na Mama Tumaini akatushika mikono mimi na Bakari: "Tangu mmekuja mnaijua njia ya sokoni na njia ya kisimani tu. Leo mtatoka." Nikavaa kile kitenge ulichonipa siku ya kuondoka, nikajifunga kilemba, na juu ya hayo nikavaa masweta mawili, la kwangu na la Mama Tumaini. Tukaingia ukumbini giza limeshaingia, isha imeshaadhiniwa. Mume wangu, Mama, unamjua na ngoma. Haukupita hata wimbo mmoja hajamwaga jasho. Mimi joto la watu na masweta mawili likanishinda. Bendi ilipokaribia kupumzika nikatoka nje kupata hewa, nikasimama barabarani kwa dada mmoja aliyekuwa anachoma mahindi.

Ndiyo maana niliona kila kitu tangu mwanzo. Hilo naomba ulishike, kwa sababu watu wengine waliona mwisho tu.

Yule dada wa mahindi ndiye aliyegutuka kwanza. "Dada, lile lori mbona linakuja namna ile?"

Nikatazama juu. Lori lilikuwa linashuka mteremko, taa zinawaka na kuzima, na honi haikatiki. Dereva wa kawaida anapiga honi mara moja, mbili. Huyu alikuwa ameikandamiza hajaiachia. Nikajua breki hazipo. Na wakati ule ule bendi ikanyamaza, na watu wakaanza kumwagika nje ya ukumbi, wanacheka, wanajipepea, wengine wamesimama katikati ya lami. Mama, nilipiga kelele mpaka nikaliangusha hindi langu. Dereva naye aliwaona. Kwa macho yangu haya nilimwona akiukata usukani kushoto, kwenye mtaro, kulikokuwa na ukuta wa duka lililofungwa. Angenyoosha angetuvuna kama mtama. Alichagua ukuta.

Lakini kule mtaroni kulikuwa na kijana anasukuma baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi. Lori likaikwangua baiskeli na mguu wake, likagonga ukuta, likasimama. Halafu sauti ya mwanamke kutoka upande wa ukumbini: "Ameua!"

Nilikuwa wa kwanza kufika kwa yule kijana. Alikuwa amekaa kwenye matope, mguu umegeukia upande usio wake, ndizi zimetapakaa. Akaniangalia, akaniambia, "Dada, baiskeli yangu." Nikajua huyu haendi popote leo. Nikavua sweta la Mama Tumaini nikamfunika, nikageuka nikapaza sauti, "Yu hai! Hajafa!" Nani anisikilize? Sauti yangu unaijua ilivyo. Kule nyuma neno lililokuwa linapita ni moja tu, ameua, ameua, na kila aliyelipokea alilipeleka kwa mwenzake likiwa limenenepa. Wa mwisho kabisa walikuwa wanasema amefagia watu watano.

Utingo wa lori alikuwa ameruka, ametokomea. Dereva hakukimbia. Alikuwa mzee, ndevu nyeupe fupi, mikono yote miwili bado iko kwenye usukani, midomo inatembea. Watu wakalizunguka lile lori. Mmoja akaanza kuuvuta mlango, mwingine akaokota jiwe, na nyuma wakaanza kuitikia, "Mtoeni! Mtoeni muuaji!" Mwingine akadai petroli. Mama, huku mijini hili jambo lipo, tunalisikia. Mtu anatolewa kwenye gari akiwa mzima, na polisi wakifika hawakuti wa kumhoji. Nikaenda kwa kijana mmoja wa koti la ngozi ambaye ndiye aliyekuwa mbele yao, nikamshika mkono. Nikamwambia ukweli wote: kaka, nimeona mimi, breki zimekata, amepiga honi tangu juu, amewakwepa nyinyi, na aliyegongwa yu hai yule pale. Ukweli mtupu, kwa adabu, kama ulivyonilea.

Akanitazama kilemba mpaka miguu. "Wewe mmachinga, kaa pembeni."

Bakari naye akawa amefika, amenishika kitenge kwa nyuma. "Somoe, twende. Hili si letu." Bakari huyu huyu, anayeweza kubishana na redio! Ulimi wote ulikuwa umemkauka. Simlaumu. Nikageuka ili niondoke naye.

Hapo ndipo nikauona mlango wa lori. Taa ya ukumbini ilikuwa inaupiga vizuri. Umeandikwa kwa rangi nyeupe jina la tajiri, na chini yake, kwa herufi kubwa: SONGEA.

Songea, Mama. Nikajisemea, kumbe huyu mzee ni Mngoni!

Hadija, wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki siku alipofiwa na mkewe Mzee Haule, yule Mngoni wa Ruangwa mjini. Mimi nakumbuka. Watu wanalia, jeneza linataka kutoka, na Mama akajilaza mlangoni amevaa koti la mfiwa, anasema maiti haitoki mpaka Wangoni watoe kuku, na akauliza kwa sauti kama marehemu amekufa kweli au amechoka tu kumpikia Haule. Na Mzee Haule, aliyekuwa hajala wala kusema tangu msiba ulipoingia, akacheka huku machozi yanamtoka, akaomba uji. Ndio utani wetu na wao. Zamani walitupiga kwa mikuki, mababu wakaja kupatana, na mapatano yakawa ndiyo hayo: kutukanana, kunyang'anyana, kuzikana, na mwenye kukasirika ndiye mwenye makosa. Mtani wako akiwa taabuni wewe ndiye wa kwanza kufika. Hilo halina mjadala.

Sijui nilikipandaje kile kidato cha lori. Nilijikuta niko juu, mgongo wangu kwenye mlango na uso wangu kwa watu, nimeupiga ule mlango kofi mpaka kiganja kikawaka moto. Na sauti iliyonitoka, Mama, haikuwa yangu. Ilikuwa yako.

"Nani kawapa ruhusa ya kumgusa mtani wangu? Mimi Mmwera wa Ruangwa! Huyu ni Mngoni, ni wangu kabla hajawa wenu! Akipigwa, wa kwanza kumpiga ni mimi. Akifa, wa kumzika ni mimi. Nyinyi mmetoka wapi?"

Wakashtuka. Sikuwapa nafasi. Nikamgeukia mzee dirishani.

"Na wewe, mzee mzima, Mngoni gani wewe? Babu zako walikuja kwetu na mikuki na ngao tu, wakatuswaga mpaka mapangoni! Wewe umepewa lori zima, lina taa, lina honi, limejaa mahindi, na umeshindwa kuua hata mtu mmoja! Aibu gani hii? Mwenyewe amekaa pale anaulizia baiskeli yake!"

Halafu mzee mmoja wa hapa hapa, amejifunga shuka juu ya koti, akaangua kicheko. "Mwe! Ndugu zangu, huyo ana mtani wake. Mwacheni mwanamke afanye kazi yake."

"Kwani huyo wa baiskeli hajafa?" mtu akauliza.

"Sijafa!" akajibu kijana mwenyewe toka mtaroni. "Ila mguu wangu jamani!"

Na sasa neno lililokuwa linarudi nyuma likawa jingine. Hajafa. Nililisikia linavyokwenda, mtu kwa mtu, hajafa, hajafa, na kicheko nyuma yake, kwa sababu kila aliyelipokea ilibidi asimuliwe pia tusi langu. Ukweli niliousema kwa adabu hakuna aliyeutaka. Nilipoutia kwenye matusi wakaugombania.

Yule wa koti la ngozi alikuwa bado ameshika jiwe. Nikaingiza mkono dirishani, nikamvua mzee kofia yake, nikaivaa juu ya kilemba. "Hii naishikilia mpaka anipe kuku wangu. Wewe wa koti la ngozi, ukimuua, kuku utanipa wewe?" Watu wakamcheka. Akaliangusha lile jiwe pembeni ya mguu wake, polepole, kama si lake. "Haya," nikamwambia, "mwenye nguvu za kupigana ana nguvu za kubeba. Njooni mumtoe mwenzenu mtaroni." Na alikwenda, Mama! Ndiye aliyeshika upande wa kichwa. Dereva wa teksi akajitolea, wakampakia yule kijana, wakampeleka hospitali.

Mimi sikushuka. Niliogopa nikishuka tu joto litawarudia. Nikaendelea kumtukana yule mzee mpaka polisi walipofika: masikio yake, suruali yake, namna anavyokaa kwenye usukani kama anajisaidia. Baba, naomba radhi, lakini ni matusi ya utani. Watu wakawa wanasogea kusikiliza vizuri. Polisi wakamchukua mzee wakiwa wanacheka na wao, nikawaeleza nilichokiona, taa, honi na ukuta, na safari hii kila mtu akawa anaitikia kwamba ndivyo ilivyokuwa, hata waliokuwa ndani wanacheza.

Halafu nikakaa kwenye ukingo wa mtaro nikalia. Nililia kama mtoto. Kiatu kimoja sikukiona tena. Bakari alinifunika koti lake akawa anasema tu, "Mke wangu. Mke wangu." Hiyo ndiyo hotuba yake ya siku ile, na mimi ilinitosha.

Asubuhi nikapika. Mtani wako akilala polisi huwezi kukaa nyumbani unakunywa chai. Nikabeba chupa ya chai, vitumbua na wali wa maharage, na ile kofia, nikaenda kituoni, na mlangoni tu nikaanza: "Yuko wapi Mngoni wangu? Mmempa chakula? Msimpe, hawa hawashibi!" Askari wakacheka, wakamtoa wakamkalisha kwenye benchi. Mzee hakucheka. Alinitazama kwa macho mekundu, akapokea chai kwa mikono miwili, akasema kwa upole, "Mwanangu, kaa kwanza."

Nikakaa.

"Lile lori ni la tajiri. Tajiri ndiye wa Songea," akasema. "Mimi si Mngoni."

"Wewe wa wapi basi?"

"Nachingwea. Kwetu Nambambo. Mimi Mmwera, kama wewe. Naitwa Nandonde."

Nikahisi benchi limesogea. Akaniuliza jina la mama yangu, na mama yako wewe, na ukoo wetu. Nikamtajia. Akaweka kikombe chini. Akaniambia, "Ukoo huo ndio wangu. Basi mimi ni mjomba wako."

Mama! Mjomba! Unajua mwenyewe mjomba ni nani kwetu. Ndiye mwenye neno kwenye ndoa zetu na misiba yetu, ndiye ambaye hata kukatiza mbele yake tunainama. Mjomba nimemvua kofia kwa mkono wangu. Mjomba nimeitaja suruali yake mbele ya nusu ya mji. Nilishuka kwenye benchi nikapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya polisi, uso wangu nimeufunika na khanga, nikasema, "Shikamoo mjomba, nisamehe mjomba, niliusoma mlango wa lori." Askari hawakuelewa kitu. Mmoja akauliza, "Huyu si ndiye aliyekuwa anamtukana?"

Akaniinua. Akasema, "Nilikuwa nakusikia. Ulipotaja Ruangwa tu nikajua ni mtoto wa nyumbani, na nikajua umekosea. Nikasema moyoni, nikitoa kichwa nimsahihishe, tumekufa wote wawili. Nikanyamaza nikawa Mngoni." Hapo ndipo akacheka. Na kicheko hakikwenda mbali, kikageuka kilio. Akaniambia katika kuendesha kwake kote hajawahi kugusa hata mbuzi wa mtu, na kwamba honi ile aliikandamiza huku anaomba Mungu ampe ukuta.

Na nikwambie habari njema kabla Hadija hajaanza kuvutavuta kamasi. Yule kijana wa ndizi anaitwa Ambakisye. Mguu umevunjika, wamemtia plasta, daktari anasema utaunga. Mwenyewe aliwaambia polisi kwamba honi aliisikia, ila gurudumu la baiskeli lilikuwa limenasa mtaroni na hakutaka kuziacha ndizi. Lori likakaguliwa, bomba la breki lilikuwa limepasuka. Mzee Nandonde wakamwachia. Siku hiyo hiyo alikwenda hospitali kumpigia magoti mama yake Ambakisye, nami nikaenda naye. Yule mama akamshika mkono akasema, "Ndaga, ndaga," yaani ahsante, kwa kuwa hakukimbia. Nililia tena. Mwezi huu nimelia sana, Mama, lakini hakuna hata mara moja niliyolia kwa huzuni.

Tangu hapo mzee anakula kwetu wakati lori linatengenezwa. Na mtaa mzima umebadilika. Hakuna anayeniuliza tena habari ya barabara. Sokoni wananipisha. Mama Tumaini ananitambulisha, "Huyu ndiye yule wa Kusini," na anasema Kusini kana kwamba ni cheo. Yule wa koti la ngozi alikuja kununua vitumbua akiwa ameinamisha kichwa, nikampa na cha nyongeza. Mama, najivuna. Najivuna mpaka Bakari ananiambia nipunguze. Lakini ninachojivunia hasa ni kwamba pale juu ya lori, nilipofungua mdomo, nilikuta tayari umejaa. Kumbe hukusahau kunitia ulimi. Ulikuwa umeuweka tu.

Kitu kimoja kilikuwa hakijaniachia, nalo ni lile kosa. Wiki nzima nilikuwa namwamkia kwa magoti, namnawisha mikono, namwita mjomba, sauti chini. Majirani wao wanamwita Mngoni, naye anaitika naam bila kusita. Jana baada ya kula nikamuuliza: mjomba, nitalifuta vipi kosa langu? Nikuletee kuku? Nimwandikie Mama awaite wazee?

Akasema, "Mimi nilipokuwa mjomba mle ndani ya gari, nilikuwa peke yangu na nilikuwa maiti. Nilipokuwa Mngoni nikapata mtu. Mwanangu, niache hivi hivi."

Nifikishie salamu zangu kwa Bibi, umwambie blanketi lake nalitafuta zito kuliko la kwangu. Baba mdogo, nimesikia umeongeza shamba kule Mbwemkuru, hongera, ila nenda taratibu na mgongo wako. Shangazi wa Nachingwea asalimiwe na watoto wake, na mwalimu anayetupokelea barua kwa sanduku la shule umpelekee korosho kwa niaba yangu. Wewe Hadija umesoma vizuri, nakushukuru, kama kweli umesoma yote. Bakari anawasalimu wote, na anasisitiza niandike kwamba alikuwa karibu sana na lile lori. Nimeandika.

Sasa Mama, nilichokuwa nakusudia kukwambia ni hiki. Lori likipona, mzee anashuka nalo Songea, Tunduru, Masasi, mpaka kwake Nachingwea, na kabla ya mvua atafika huko kwetu Mandawa kukuona. Barua hii naitia posta kesho asubuhi ili imtangulie. Ni mrefu, mweusi, ndevu nyeupe. Atabisha hodi kwa heshima zote, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na kwa ukoo wewe ni dada yake. Usimjibu karibu. Usimtandikie mkeka. Simama mlangoni umzuie, umuulize Mngoni anatafuta nini kwa Wamwera, umwambie arudi kwao Songea. Ukoo wake anaujua, hahitaji kukumbushwa. Mimi nilimtukana kwa kuihofia roho yake. Wewe, Mama, mtukane kwa raha.

Ni mimi mwanao, msemaji wako wa Mbeya,

Somoe